Video ya maombi ya uzamili wa uongozaji kwaya: mwongozo kamili kwa walimu wa kwaya wa Dodoma

Mwombaji ana shahada nzuri, ana barua za wadhamini, amefundisha kwaya miaka kumi. Anatuma klipu: wanakwaya wamevaa sare, wanacheza kando ya shamba la mizabibu, sauti ilirekodiwa studio wiki mbili kabla. Mwalimu mwenyewe anaonekana sekunde nne, tena kwa mgongo. Jopo la chuo linafunga faili. Halikuomba kuona kwaya, liliomba kumwona mwalimu akiwa kazini.

Hapa ndipo maombi mengi kutoka kwetu yanapokwama, na kosa linarudiwa kwa sababu video tulizozoea kutengeneza zina kazi nyingine: kuuza wimbo. Video ya maombi haiuzi chochote. Kazi yake ni kuonyesha masikio yako, mikono yako, na jinsi unavyoongea na watu.

## Kwanza, je, unafika mlangoni?

Uzamili unadai shahada ya kwanza. Vyeti vya semina za kwaya, hata viwe kumi, haviwi badala yake. Kama huna shahada na unataka kusoma muziki wenyewe, hapa nchini kuna Shahada ya Sanaa katika Muziki pale Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, Arusha. Kama shahada yako ni ya Ualimu au Theolojia, baadhi ya vyuo hukubali mradi uthibitishe uwezo wa muziki, na uthibitisho wenyewe ndio hii video.

Jambo la pili ni nota. Ukisoma solfa tu (do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi), simama hapa kwanza. Solfa ni mali, itakusaidia sana kuimba wimbo usioujua, lakini jopo litakupa karatasi yenye mistari mitano. Jipe miezi sita ya kusoma nota kila siku kabla hujafikiria kamera.

## Vifaa

- Wanakwaya 12 hadi 20, yaani watatu hadi watano kwa kila sauti. Wazidi hapo, hutasikia nani amekosea.
- Nakala za nota kwa kila mwanakwaya, na yako yenye namba za mizani. (Mizani hapa ni vile vyumba kati ya mistari wima.)
- Stendi ya nota, iwe fupi. Stendi ndefu inaficha mikono.
- Simu janja inayorekodi kwa ubora wa 1080p, yenye nafasi tupu ya GB 10 au zaidi.
- Stendi ya kamera yenye miguu mitatu. Usimpe mtu simu ashike. Dakika ya sita mkono unaanza kutetemeka.
- Kinasa sauti cha pembeni, kama Zoom H1n, ikiwezekana kuazima. Si lazima.
- Kinanda cha kutoa sauti ya kuanzia, kinachotumia betri. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, siku imekwenda.
- Mazulia, mikeka, kanga na mablanketi. Matumizi yake yanaelezwa Hatua ya 5.
- Chai na vitafunwa. Wanakwaya wa kujitolea watasimama saa mbili, na njaa inasikika kwenye sauti kabla haijaonekana usoni.

## Hatua ya 1: Soma masharti kama unavyosoma mkataba

Kila chuo kina masharti yake, na ukurasa wao ndio unaotawala, si mwongozo huu. Tafuta majibu ya maswali haya na uyaandike kwenye karatasi moja:

- Video iwe dakika ngapi? Vingi huomba kati ya 15 na 20.
- Sehemu gani ni mazoezi, na sehemu gani ni wimbo ulioiva?
- Kamera imtazame nani? Karibu wote husema mwongozaji, kwa mbele.
- Kuhariri kunaruhusiwa? Mara nyingi unaruhusiwa kuunganisha vipande viwili vizima, si kukata ndani ya kipande.
- Wanataka pia uimbe peke yako, au upige piano?

Kisha tarehe. Vyuo vingi vya Marekani hufunga karibu na 1 Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Konsevatoria nyingi za Uingereza, yaani vyuo maalumu vya muziki, hupokea maombi ya muziki kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, na dirisha hufungwa mapema Oktoba. Vyuo vingi vya Ujerumani hutaka mwombaji afike mwenyewe kufanya mtihani wa kuingia, na huko video ni kichujio tu, pale inapoombwa.

Kwa tarehe ya 1 Desemba, Dodoma ina kalenda yake. Juni hadi Septemba upepo unavuma kiasi cha kugongesha madirisha. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mvua inaweza kuanza, na mvua juu ya bati haina kinga: hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa. Novemba hiyohiyo kwaya zote zinakimbizana na nyimbo za Krismasi. Kwa hiyo mazoezi yaanze mwanzoni mwa Septemba, na kurekodi kote kuishe Oktoba. Anayeomba Uingereza aanze Julai, na upepo autafutie ukumbi wenye madirisha yanayofunga sawasawa.

*Umefanikiwa ikiwa:* una karatasi moja ukutani yenye dakika, tarehe na makatazo ya kila chuo.

## Hatua ya 2: Chagua nyimbo mbili zinazopingana

Jopo likisema nyimbo ziwe tofauti, halimaanishi moja ya Pasaka na nyingine ya Krismasi. Linamaanisha tofauti ya mwendo, ya uandishi na ya lugha. Wimbo mmoja uwe wa taratibu, sauti zote zikitembea pamoja bila kinanda; mwingine uwe wa haraka, sauti zikipokezana.

Kwa ule wa taratibu, *Locus iste* wa Anton Bruckner ni mwalimu mzuri. Una mizani 48 tu, unachukua kama dakika tatu, ni wa sauti nne bila ala, na nota zake zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni za nyimbo zisizo na hakimiliki. Usidanganyike na wepesi wake. Katikati, neno “irreprehensibilis” linapoingia, besi hunyamaza na sauti tatu za juu husogea kwa nusu toni. Kwaya ikiwa dhaifu, hapo ndipo inapozama, na besi wakirudi wanawakuta wenzao wako chini. Karibu na mwisho kuna kimya ambacho mwongozaji lazima akishike kwa mikono yake bila mtu kuingia kabla ya wakati. Wimbo mfupi, mitihani miwili ya wazi. Ndicho jopo linachotafuta.

Epuka *Hallelujah* ya Handel. Kwaya yako inaijua kwa kichwa, na inaijua na makosa yake yote ya miaka ishirini. Kuifumua ni kazi kubwa kuliko kufundisha wimbo mpya, na jopo limeshaona video zake za kutosha.

Wimbo wa pili uwe wa kwetu. Hapa watu wa Dodoma wamekaa juu ya hazina, maana Wagogo huimba sauti nyingi kwa asili, bila kufundishwa na kanisa wala shule. Lakini kuna mtego. Ngazi ya Kigogo haifuati kinanda. Inafuata ovatoni, zile sauti zinazotoka zenyewe ndani ya sauti moja nene, na ile inayosikika kama “ta” (“ti” iliyoshushwa nusu toni) inakaa chini ya “ta” ya kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Ukiweka kinanda chini ya wimbo wa namna hiyo, waimbaji wanaanza kuvutana nacho, na jopo linasikia kwaya iliyopoteza sauti kumbe mgeni ni kinanda. Imbeni bila kinanda. Kama ni muheme, uimbaji wa Kigogo unaoendana na ngoma, ngoma ikae mbali na kamera na ipigwe kwa kiasi.

Andika pia aya moja ya maelezo: wimbo unatoka wapi, unaimbwa lini, maneno yana maana gani. Kama mpangaji wa sauti ni mtu mwingine, omba ruhusa yake na umtaje.

*Onyo:* usichague wimbo ambao wewe mwenyewe huwezi kuimba kila sauti yake, peke yako, bila kinanda. Huo ndio mtihani wa kwanza na ujipe mwenyewe.

## Hatua ya 3: Geuza solfa kuwa nota

Kama wimbo wako wa Kiswahili au Kigogo uko kwenye solfa au kichwani, uandike kwenye MuseScore, programu ya bure. Weka sauti nne, maneno chini ya kila sauti, na namba ya mizani mwanzo wa kila mstari. Toa faili la PDF. Vyuo vingi huomba nota za nyimbo zilizomo kwenye video.

Wanakwaya wako waache na solfa yao kama wameizoea. Waandikie *Locus iste* kwa solfa pia, na pale katikati uwe makini na nota zilizopandishwa au kushushwa: “fe” si “fa”, “ta” si “ti”. Mwalimu akiandika “ti” badala ya “ta”, atakaa wiki mbili akiwalaumu tenori kwa kosa lake mwenyewe.

Namba za mizani zilingane kwenye solfa na kwenye nota. Usipofanya hivyo, siku ya kurekodi utasema “mizani ya 21” na nusu ya kwaya itaangalia mahali pengine. Sekunde thelathini zinapotea, na jopo linaandika: hakujiandaa.

## Hatua ya 4: Pata kikosi na ruhusa

Usichukue kwaya nzima ya watu 45. Omba kikosi. Zungumza na mwenyekiti wa kwaya kabla ya kumwendea mwanakwaya hata mmoja, na upate ruhusa ya mchungaji au paroko kwa matumizi ya jengo. Eleza wazi kwamba video ni ya maombi ya masomo na haitarushwa mtandaoni kwa umma. Wapo wanakwaya wasiotaka sura zao zionekane. Habari njema ni kwamba kamera haiwatazami wao.

Usiwachague waimbaji bora tu. Ukiwa na soprano wanne wanaoimba kikamilifu tangu siku ya kwanza, hutakuwa na cha kurekebisha mbele ya kamera. Changanya.

Panga mazoezi nane ya dakika 75, mara mbili kwa wiki. Mazoezi ya kawaida ya jioni, saa 11 hadi saa 1, yanafaa kwa kujifunza lakini si kwa kurekodi. Sababu inafuata.

## Hatua ya 5: Jengo na sauti yake

Simama katikati ya ukumbi mtupu na upige kofi moja. Hesabu. Mlio ukikaa zaidi ya sekunde mbili, konsonanti za wimbo zitayeyuka na maneno yako kwa kwaya hayatasikika. Kanisa la bati lisilo na dari, lenye sakafu ya vigae, ndivyo lilivyo mara nyingi.

Dawa yake si studio. Tandika mikeka na mazulia kati yako na kwaya. Ning'iniza mablanketi au kanga nzito kwenye ukuta ulio nyuma ya kwaya. Isogeze kwaya mita mbili mbele ya ukuta. Piga kofi tena, utasikia tofauti.

Kisha kelele za nje. Kanisa lililo karibu na barabara ya bodaboda, au jirani na soko kama Majengo, halifai kabla hata ya kupima. Wakati mzuri ni Jumamosi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi: upepo bado haujapanda, watumishi wa umma hawako kazini, na adhana ya adhuhuri haijafika. (Kwa Wasabato, hiyo iwe Jumapili.) Ikifika saa 5 na nusu jua limeshapiga bati, nalo linaanza kualika, tik, tik, hasa kwenye kimya kile cha *Locus iste*. Zima feni. Zima jokofu la ofisini kama lipo. Mtu mmoja akae nje mlangoni kuzuia watoto na wauza maji.

*Umefanikiwa ikiwa:* unarekodi dakika moja ya ukimya, unaisikiliza kwa earphone, na husikii kitu unachoweza kukitaja jina.

## Hatua ya 6: Kamera na mwanga

Kamera inakaa ndani ya kwaya. Panga kwaya nusu duara, acha pengo kati ya alto na tenori, weka stendi kwenye pengo hilo, mita 3.5 hadi 4 kutoka ulipo. Lensi iwe usawa wa macho yako, kama mita 1.5 kutoka chini. Simu ilazwe, isisimamishwe wima.

Fremu ianzie mapajani hadi sentimita 30 juu ya mkono wako ukiwa umeinuliwa kabisa. Nyosha mikono yote miwili pembeni: vidole visitoke nje ya picha. Tumia lensi ya kawaida, 1x. Lensi pana ya 0.5x inarefusha mikono iliyo pembeni na kufanya mapigo yako yaonekane kama ya mtu anayeogelea.

Mwanga utoke nyuma ya kamera, uje usoni kwako. Waombaji wengi husimama na madhabahu nyuma kwa sababu panapendeza, lakini mara nyingi nyuma ya madhabahu pana madirisha. Simu inaona mwangaza ule, inapunguza kila kitu, na uso wako unakuwa kivuli cheusi. Geuza mpango mzima: wewe simama na ukuta wa pembeni usio na dirisha nyuma yako, kwaya ikae upande wa madirisha.

Ukuta mweupe unaong'aa ni mbaya kwa sababu hiyohiyo, na pazia jeusi linameza mikono ya mtu mweusi. Rangi ya kati, kama krimu iliyofifia au kijivu, ndiyo inayofaa. Vaa shati la rangi moja, la mikono mirefu, lililo tofauti na ukuta. Saa inayong'aa na bangili vivue.

Kabla ya kuanza, bonyeza kwa muda mrefu juu ya uso wako kwenye kioo cha simu hadi fokasi na mwanga vifungwe. Usipofunga, simu itakuwa inajirekebisha kila unapoinua mikono. Weka simu katika hali ya ndege. Simu ikiingia dakika ya 14, unaanza upya. Futa lensi kwa kitambaa, maana imekaa mfukoni na vumbi la Dodoma.

Sauti: mwimbaji aliye karibu na kamera atasikika kuliko wenzake. Weka karibu na pengo wale wenye sauti laini, na wenye sauti kubwa wakae ncha za nusu duara. Kama una kinasa sauti cha pembeni, kiweke juu ya stendi ya mita 2.5, kati yako na kwaya, kielekee kwaya lakini kiweze kuokota na maneno yako. Imbeni sehemu yenye nguvu kuliko zote, na punguza hadi kilele kisizidi −6 desibeli. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili sauti na picha ziweze kulinganishwa baadaye.

## Hatua ya 7: Rekodi mazoezi kabla wimbo haujaiva

Hii ndiyo sehemu inayoamua, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Walimu wengi husubiri kwaya ikamilike ndipo waite kamera. Wakati huo hakuna tena cha kufundisha, basi wanaanza kuigiza: wanawaambia tenori wakosee makusudi mizani ya kumi, kisha wanajifanya wamesikia. Jopo lina watu wanaofundisha kwaya kila siku. Wanaijua sura ya mtu anayesubiri kosa alilolipanga, na wanaijua ya mtu aliyelisikia sasa hivi.

Rekodi mazoezi katika zoezi la tano, wakati wanakwaya wanazijua nota lakini wimbo bado haujakaa. Gawa dakika kumi hivi: kuimba sehemu moja bila kusimama, kama dakika moja na nusu, kushughulikia matatizo mawili au matatu, dakika saba, kuimba tena sehemu ileile mwishoni ili badiliko lisikike. Usiimbe wimbo mzima. Chagua mizani 16 hadi 24.

Hivi ndivyo dakika moja nzuri inavyokuwa. Kwaya inafika “irreprehensibilis”. Alto wanateremka zaidi ya inavyotakiwa, na tenori wanawafuata. Mwalimu anasimamisha kwa mkono mmoja, uso haujakunjamana.

“Alto peke yenu, ukurasa wa pili, mstari wa juu. Hizo hatua ni ndogo kuliko mnavyodhani.”

Wanaimba. Bado. Mwalimu harudii maneno yaleyale. Anasema, “Bila maneno, vumeni tu,” na anaonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana ukubwa wa hatua. Wanavuma taratibu, mara mbili. Mara ya pili inakaa.

“Ndiyo hiyo. Tenori, wasikilizeni, kisha muimbe pamoja nao.”

Sekunde arobaini hivi. Ndani yake jopo limeona mambo manne: amesikia kosa, amejua chanzo, njia ya kwanza iliposhindwa ameleta nyingine, na amethibitisha matokeo kabla ya kuendelea.

Sasa dakika mbaya, ambayo ni ya kawaida sana: “Jamani alto, mnaniangusha, tuwe makini, turudie mwanzo.” Hakuna aliyeambiwa kosa ni nini. Wanarudia mwanzo, wanakosea palepale, na wamechoka zaidi.

Mambo mengine yanayoharibu sehemu hii:

Kuongea mno. Ukisimamisha kwaya, maelezo yasizidi sekunde 20. Mahubiri kuhusu maana ya wimbo yana siku yake.

Kuimba pamoja na kwaya. Ukiimba, husikii. Imba mfano, kisha funga mdomo. Kutamka maneno yote kwa midomo wakati unaongoza ni tabia ileile kwa sura nyingine. Mikono inaacha kufanya kazi kwa sababu mdomo umeichukua.

Kukishika kinanda. Wengi wetu tunafundisha tukiwa tumekaa kwenye kinanda, mkono mmoja ukipiga, kichwa kikiongoza. Kwa video hii kinanda kinatoa sauti ya kuanzia, basi.

Lugha? Fundisha kwa Kiswahili. Ukilazimisha Kiingereza ambacho wanakwaya hawakizoei, utawapoteza na utapoteza ucheshi wako. Lakini liandikie jopo barua pepe mapema uulize kama manukuu ya Kiingereza chini ya picha yanakubalika, na uhifadhi jibu.

*Umefanikiwa ikiwa:* mtu asiyejua muziki, akisikiliza mara ya kwanza na ya mwisho mfululizo, anaweza kusema ya mwisho ni nzuri zaidi.

## Hatua ya 8: Rekodi wimbo ulioiva

Wiki mbili au tatu baadaye, mpangilio uleule, mavazi yaleyale. Nyimbo zote mbili, kila mmoja bila kukata. Rekodi kila wimbo mara tatu, si zaidi. Mara ya nne sauti zinaanza kushuka.

Angalia mikono yako kwenye marudio ya kwanza kabla ya kuendelea. Je, mkono wa kushoto unaiga wa kulia kama kioo? Ushushe, uutumie kwa kuingiza sauti, kukuza, kupunguza, kukata. Je, magoti yanapiga mapigo? Kwaya itafuata magoti. Je, pigo la maandalizi linaonyesha mwendo na nguvu ya wimbo, au unahesabu “moja, mbili” kwa sauti? Kuhesabu kwa sauti ni kukiri kwamba mkono haujasema.

Kwenye wimbo wa Kigogo mwili uruhusiwe kusogea, ni sehemu ya muziki. Hata hivyo miingilio na mwisho viwe mikononi mwako. Mwongozaji akicheza wimbo mzima kama mwanakwaya, jopo litafurahi na halitajua limpe alama gani.

## Hatua ya 9: Video ya kuimba, ikiombwa

Mara nyingi ni nyimbo mbili au tatu, mmoja wa Kiitaliano au Kijerumani, mmoja wa Kiingereza. Hawatafuti mwimbaji wa opera. Wanataka kujua kama mwongozaji anaelewa pumzi, irabu na sauti iliyonyooka. Simama mita mbili na nusu kutoka kwenye simu, mpiga kinanda awe pembeni, usitumie maikrofoni ya kanisani wala mwangwi wa kutengeneza. Kunywa maji kuanzia siku iliyotangulia. Hewa ya Dodoma ya Oktoba ni kavu, na maji ya dakika ya mwisho hayafiki kwenye koo kwa wakati.

## Hatua ya 10: Kagua, pakia, tuma

Video ya 1080p kwenye simu nyingi hula takriban MB 130 kwa dakika. Dakika 20 ni GB 2.6. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni saa tatu karibu. Ipunguze kwa HandBrake, programu ya bure, hadi megabiti 5 kwa sekunde: utabaki na MB 750 hivi, chini ya saa moja. Ubora unatosha. Faili la asili lihifadhi sehemu mbili.

Angalia kitu kimoja: baadhi ya kamera na memori kadi hukata faili likifika GB 4. Ukirekodi mfululizo nusu saa, unaweza kukuta mazoezi yamekatika katikati, na jopo litadhani umehariri. Simamisha na uanze upya kati ya wimbo na wimbo.

Usiongeze chochote. Hakuna jina linalozunguka, hakuna picha ya droni, hakuna “reverb”, hakuna kusahihisha sauti. Kadi moja nyeusi mwanzoni yenye jina la wimbo, mtunzi na tarehe inatosha, kama chuo kinaruhusu.

Kama unatuma kiungo cha YouTube, chagua hali ya video isiyoorodheshwa. Ukiweka ya siri, jopo haliwezi kuifungua. Kiungo cha Google Drive kiruhusu yeyote mwenye nacho kutazama. Kisha mtumie kiungo mtu aliye nje ya kwaya, mwenye simu na akaunti tofauti na zako, mwambie aifungue akiwa na bando la kawaida. Asipoiona, wao pia hawataiona.

Tuma siku tano kabla. Saa 5:59 usiku ya 1 Desemba huko mashariki mwa Marekani ni saa 1:59 asubuhi ya 2 Desemba hapa, na watu wengi hujipa matumaini kwa hesabu hiyo. Saa hizo mfumo wa maombi unabeba wachelewaji wote kwa pamoja, na faili la MB 750 linalokwama kwenye asilimia 94 halina wa kulalamikiwa.